Kopo Lenye Kilima

Kabuta, 3 Machi 1974

Mudogo wangu Angèle,

Kama Florent wa samaki amekuletea barua hii ukiwa umesimama mulangoni, usiendelee kusoma. Ingia ndani, ukae chini, halafu uendelee.

Binti yangu Clémentine hayuko tena. Alijifungua tarehe ishirini Februari. Mutoto alitoka muzima, lakini mama aliendelea kutoka damu mpaka godoro likalowa, na mashua ya kutupeleka hospitali ya Nchelenge ilipopatikana hakukuwa na mutu wa kupeleka. Tumemuzika hapa Kabuta, upande wa ndugu za mume wangu Zacharia, maana kumuvusha ziwa mpaka kwetu ng'ambo haikuwezekana. Zacharia alilia kuliko mimi, na Clémentine hakuwa hata damu yake. Mimi sijalia vizuri bado. Nina kazi.

Kazi yenyewe ni huyu mutoto. Ni mwanaume, nimemupa jina la baba yetu, Mulumba. Baba yake yuko Mufulira kwenye migodi na hajaandika hata neno moja. Mwanamuke wa kumunyonyesha sijapata, wote hapa jirani wamekwisha kuachisha. Kwa hiyo ni maziwa ya unga. Sista muzungu wa kliniki alinipa mufuko na karatasi, nakuandikia kama ilivyo: maji yaliyochemka nusu lita, maziwa ya unga gramu 65, sukari gramu 25. Alisema nirudi Alhamisi anionyeshe namna ya kupima, na mutoto naye apimwe uzito kila juma.

Sasa niambie wewe uliyesoma, gramu ni nini kwa mutu asiye na mizani? Hapa iko moja tu, ile ya Florent ya samaki, yenye ndoano. Nilitundika maziwa kidogo ndani ya kitambaa, sindano haikutikisika. Florent akacheka: "Mama Germaine, hii inajuaka kilo tu. Gramu ni mambo ya bazungu."

Wewe unachanganya maziwa ya watoto wagonjwa kila siku, na jikoni kwenu hospitalini mizani ndogo ipo. Mimi nina kopo la nyanya, lile dogo kabisa tunalonunua sote. Niambie makopo mangapi ya maziwa na mangapi ya sukari. Kwa sasa ninaweka sawa kwa sawa, kopo kwa kopo, na ninaogopa.

Kliniki nitarudi barabara ikikauka.

Yaya wako,
Germaine


Lubumbashi, 16 Machi 1974

Yaya,

Dada yangu, nilikaa chini kama ulivyosema, na sikuinuka mpaka mume wangu aliporudi kazini. Clémentine alikuwa mutoto wangu pia. Nilimubeba mugongoni nikiwa na miaka kumi na mbili, akinivuta masikio. Sina maneno mengine juu ya hilo, nikiyatafuta sitamaliza barua.

Sukari usiweke sawa kwa sawa na maziwa! Nimenunua nyanya, nimekula, nimeosha kopo, nimelikausha juani na kulipeleka kazini. Nimepima mara tatu. Kopo moja la maziwa ya unga ni gramu 33. Kopo lilelile la sukari ni gramu 58. Kopo halikubadilika, kilichobadilika ni kitu kilicho ndani. Unga wa maziwa ni mwepesi, una hewa nyingi. Sukari ni nzito, inalala. Ukisema "kopo kwa kopo" unamupa mutoto sukari mara nne na zaidi ya ile aliyoandika sista.

Kwa hiyo, kwa nusu lita ya maji: maziwa makopo mawili. Sukari chini ya nusu kopo. Nimekutumia kopo langu, nimelitia alama kwa musumari ndani, usipite alama. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, koroga. Usibadilishe kitu chochote, hata Rosaria jirani yako akikufundisha. Namujua Rosaria.

Na Alhamisi uende kliniki. Barabara ikiwa na matope, Zacharia ana miguu.

Kitu kingine. Kwenye bahasha usiandike tena Angèle. Huku majina ya ubatizo yamekatazwa na barua inaweza kutupwa. Andika Ngoie. Humu ndani niite unavyotaka.

Mudogo wako,
Angèle


Kabuta, 7 Aprili 1974

Mudogo wangu, Bibi Ngoie wa serikali,

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, ndiyo maana nakuandikia haraka. Ulikula nyanya peke yake, bila samaki, ili upate kopo! Nikimusimulia Zacharia anakataa kuamini.

Kopo limefika na alama yako ya musumari. Sasa ninapima kila asubuhi, makopo mawili ya maziwa, na sukari mpaka alama. Kabla ya hapo nilikuwa ninapika chakula cha mutoto kama mutu anayetembea gizani. Rosaria alinitazama nikipima, akasema: "Mayo, mama yangu, weye unapendaka huyu mutoto kweli." Nikamujibu, nipende nani mwingine?

Mulumba anakunywa, usiniulize. Anamaliza kikombe na bado anatafuta kijiko kwa mudomo. Analia sana, hilo ni kweli. Anakunywa, analia, nampa tena, anakunywa tena, analia tena. Zacharia anasema ni ulafi wa babu yake, unakumbuka baba na sufuria ya ugali wa bukari? Nikimutazama machoni namuona Clémentine, basi siwezi kumunyima.

Kliniki bado. Nilikuwa na samaki wa kukausha.

Yaya wako,
Germaine


Lubumbashi, 20 Aprili 1974

Yaya,

Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika kwenye kulia. Huku jikoni mutoto aliyeshiba analala. Huyu wako anakunywa na analia palepale, siipendi.

Nijibu haya, moja moja. Kitambaa chake kinalowa mara ngapi kwa siku? Mudomo wake ni mukavu ndani? Mwili ni moto? Umemupa maji matupu yaliyochemka katikati ya maziwa? Mupe, kijiko kwa kijiko.

Tena nina wasiwasi na maziwa yenyewe. Labda ya upande wenu si kama ya kwetu, labda ni mazito zaidi. Pima kopo moja jinsi unavyopima kila siku, lifunge kwenye karatasi, umupe Florent. Nitaliweka kwenye mizani nijue.

Na umeniandikia mara mbili sasa kwamba kliniki bado. Mara ya kwanza barabara, mara ya pili samaki. Yaya, mimi ulinilea. Unapoficha kitu nakujua.

Angèle


Kabuta, 4 Mei 1974

Mudogo wangu,

Umenikamata, basi nitasema.

Ile siku ya kwanza, baada ya kupewa maziwa, nilikaa kwenye foleni ya uzito nikaona wanavyopima watoto. Wanamuvalisha mutoto suruali ya kitambaa, halafu wanamutundika kwenye ndoano. Ni mizani ileile ya Florent, Angèle, hata rangi. Mutoto ananing'inia, anazungukazunguka, sindano inapanda. Mimi kwenye ile ndoano nimeona vitu vilivyokufa tu, miaka yote. Ilikuwa siku ya nane tu tangu nimuzike mama yake. Nikasimama, nikaondoka. Ucheke ukitaka.

Maswali yako: kitambaa kinalowa mara moja kwa siku, siku nyingine hata hiyo hapana. Mudomo ni mukavu. Mwili ni moto tangu Jumatano, na tumbo limeanza kuendesha. Maji matupu sijampa, Rosaria na wakubwa wote hapa wanasema maji yanajaza tumbo upepo na mutoto anakonda. Nilimupa maziwa, nilifikiri akiwa anaharisha anahitaji nguvu.

Unga ndio huu kwenye karatasi. Nimeupima mwenyewe leo asubuhi, kopo moja, vilevile ninavyomupimia yeye, na nimefunga mara mbili usimwagike. Florent anapita kisiwa cha Kilwa kwanza kuchukua samaki, halafu anavuka.

Kesho asubuhi nitaanza kumupa maji kama ulivyosema. Jumatatu Zacharia anatupeleka kliniki kwa baiskeli. Wamutundike, nitafunga macho.

Germaine


Kabuta, 9 Mei 1974

Angèle,

Mulumba amekufa Jumatatu, njiani.

Alianza kukaza mwili tukiwa hatujafika hata nusu. Mikono ikakaza, macho yakapanda juu. Zacharia akatupa baiskeli kwenye majani, akamuchukua akakimbia naye. Mimi nikakimbia nyuma. Tulipofika, sista alimuchukua mikononi mwake na akaniuliza nilikuwa ninampa nini, nilimupimiaje. Nikasema makopo mawili, na sukari mpaka alama, kama ilivyoandikwa. Akasema pole mama. Hawakumutundika.

Tumemulaza pamoja na Clémentine, tulifungua udongo uleule.

Watu wanakuja wanasema ni Mungu. Mimi ninakaa na kopo lako mkononi. Nilikuwa na mutoto mmoja na kazi moja, ya kupima, na sijui kama niliifanya. Ndicho ninachotaka kujua, sitaki pole. Wanawake hapa hawawezi kunijibu, na sista simuendei tena. Wewe una karatasi ile na una mizani. Pima, uniambie. Je, mimi ndiye niliyemuua?

Mpaka ujibu sitalala.

Germaine


Lubumbashi, 24 Mei 1974

(Barua hii haikutumwa.)

Yaya wangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja, lori la samaki lilikuwa limeharibika. Nimejua mutoto ameugua na nimejua amekufa ndani ya dakika tano.

Nimepima. Nilimimina karatasi yako kwenye mizani ya kazini. Nilitegemea gramu 33. Ni 59.

Nilifikiri mizani ina kasoro, nikapima tena. Nikachukua kopo jingine la nyanya kama lile niliokutumia, nikamimina unga wako ndani. Kopo likajaa na unga ukabaki kwenye karatasi, rundo zima. Ndipo nikakumbuka, na ningetaka mtu anipige.

Kazini kwetu kopo likijaa tunapitisha mgongo wa kisu juu, unga unakuwa sawa na mudomo wa kopo, unaobaki unarudi. Hatusemi. Hakuna anayesema, ni kama kufunga mulango ukitoka. Nilikuandikia "makopo mawili", nikapima mara tatu kwa kisu, na sikuandika neno kisu.

Na wewe utakataje kopo la mutoto wa Clémentine? Kwetu anayekatiwa ni mgeni asiyependwa. Mama alipokufa, yule mke wa pili wa baba alinipimia unga kwa kopo, akapitisha kiganja juu, sawasawa, na nilikuwa na miaka saba lakini nilielewa. Halafu nikaja kwako. Ulichota, ukapiga kopo kwenye goti mara mbili unga ushuke, ukaongeza, ukaongeza tena matabishi, nyongeza ya bure, mpaka kilima kikaanguka pembeni. Nilijua nimefika nyumbani. Nimekula kilima chako miaka kumi na moja. Rosaria alipokuambia unampenda mutoto kweli, ulikuwa umeniandikia kila kitu. Nilisoma nikapita.

Maziwa yalikuwa karibu mara mbili. Hakuwa na njala, yaya, alikuwa na kiu. Kila alipolia kiu tulimupa


Lubumbashi, 25 Mei 1974

Yaya wangu mpendwa,

Nimepokea zote mbili. Nimelia na bado ninalia.

Karatasi nimeipima kama ulivyotaka. Ni gramu 33, sawasawa kabisa na ya kwangu. Ulipima vizuri. Ilikuwa homa, na homa ya namna hiyo huku pia inatushinda, hata na wanganga wote wa hospitali.

Haukumuua. Lala sasa, nakuomba. Agosti nitakuja kukuona.

Mudogo wako,
Angèle


Kabuta, 12 Juni 1974

Mudogo wangu,

Barua yako nilisomewa na Zacharia, kisha nikaisoma mwenyewe, kisha nikamusomea Rosaria, kisha nikalala kutoka mchana mpaka kesho yake. Zacharia alidhani nimekufa na mimi. Umenirudisha. Ninalia bado, lakini sasa ninalia kama mama, silii tena kama mtu aliyeua. Kuna tofauti kubwa na Mungu akulipe.

Nilikuwa nimelitupa kopo nyuma ya nyumba. Nimeliokota, nimelisugua kwa majivu, liko mezani. Nakuambia kwa nini.

Unamukumbuka Ennie, mke wa Lackson yule mushona nyavu? Amejifungua mapacha juma lililopita, wasichana. Maziwa yake hayatoshi wote wawili. Wanawake wamemuambia: "Enda kwa Mama Germaine. Yule anajuaka kupima, mudogo yake wa Lubumbashi alimupimia kwa mashini." Amekuja jana kupiga magoti mbele yangu, mimi ambaye mwezi uliopita walikuwa wananikwepa njiani. Nimelia mbele yake. Nimekubali.

Mdogo wa mapacha ndiye nitakayemusaidia, jina lake Agness, ana uso kama wa panya lakini atanenepa. Kesho ninaanza. Anyonye kidogo kwa mama, halafu maziwa yangu. Nitamupimia hivihivi nilivyomupimia Mulumba, bila kupunguza hata kidogo. Kama yule amekwenda, basi mukono wangu ufanye kazi kwa huyu.

Yaya wako anayekupenda,
Germaine


Lubumbashi, 25 Juni 1974

Yaya, usimupe.

Usimupe hata kijiko kimoja tena kabla ya kumaliza barua hii. Kama kikombe kiko mukononi, mwaga.

Nilikudanganya. Karatasi yako haikuwa gramu 33, ilikuwa 59. Unachota kwa kilima. Mimi nilipima kwa kukata na kisu na sikukuambia. Maziwa ya Mulumba yalikuwa makali mno, yalimukausha, alilia kiu na sisi tukamuongezea. Ulipoanza kumupa maji ilikuwa umechelewa, kwa sababu mimi nilichelewa.

Chota maziwa, usipige kopo, usibonyeze. Chukua kisu, pitisha mgongo wake juu ya mudomo wa kopo, kilima chote kirudi kwenye mufuko. Na sukari usipite alama. Kwa huyu wa Ennie anza leo kumupa maji yaliyochemka kwa kijiko, na umupeleke kliniki, wamutundike, usifumbe macho.

Nilitaka kutuma telegramu, lakini inafika ofisi za Nchelenge tu na sijui nani ataileta Kabuta. Nampa dereva wa lori anayerudi ziwani saa hii, injini inanguruma nikiandika. Ameahidi ataiweka mkononi mwa Florent.

Niliona barua ya kweli ikiwa mezani na sikuweza. Nilisema moyoni mutoto amekwisha kufa, kweli itamufaa nani? Sikufikiria kwamba kuna watoto wengine. Kosa la kwanza lilikuwa la kusahau. Hili la pili nililifanya nikijua.

Angèle


Kabuta, 2 Julai 1974

Angèle,

Barua imefika jana mchana. Agness alikuwa amepakatwa na Ennie, alikuwa moto na alikuwa analia. Sikueleza kitu, nilichukua kikombe nikamwaga chini mbele ya watu wote. Lackson alifikiri nimepata wazimu.

Nilimupa maji kwa kijiko mpaka jua likashuka, na leo asubuhi tumempeleka kliniki. Walimutundika. Nilitazama. Sista anasema atapona, kwa sababu alikuwa ananyonya kwa mama yake pia, kidogokidogo. Mulumba hakuwa na wa kumunyonyesha.

Ennie nimemuambia yote. Amechukua watoto wake akaenda nao kwao, na sista amemupa kopo jingine la kupimia.

Yale ya kusahau kisu, hayo si yako peke yako. Mimi pia sikuuliza. Nilifikiri ninajua kupima, nimepimia watu maisha yangu yote, nani angeuliza? Lakini umenipa majuma matatu ya usingizi ambao haukuwa wangu, na nilipokuwa nimelala nilikuwa ninamufanyia mutoto wa mwenzangu kilekile. Hilo sijui nitaliweka wapi. Usije Agosti kama ulivyosema. Mwaka ujao labda.

Leo, nyumba ikiwa tupu, nilijaza kopo la Mulumba, makopo mawili, kama kila asubuhi. Nilipiga gotini, nikaweka kilima. Halafu nikachukua kisu, nikapitisha kama ulivyoandika, na kile kilichoanguka nikakikinga kwa sahani. Nilitaka kukiona. Ni kingi, Angèle. Sikujua kwamba nilikuwa ninamupa kingi hivi.

Germaine